Resi ya Kwenda Wapi?

Nahodha wetu alianza kujisifu mapema, treni haijafika hata Morogoro. Alimweleza mama mmoja wa kiti cha ng'ambo kwamba sisi baridi tunaijua, kwa sababu Julai yote, kusi ikivuma, tunashindana kwa ngalawa Msasani na nguo zinalowa kabla hatujatoka kwenye kina kifupi. Mama yule, kofia ya sufu kichwani na kitenge mabegani, akamtazama kuanzia usoni hadi miguuni. Nahodha alikuwa na kandambili.

"Mnakwenda wapi, wanangu?"

"Kondoa, mama."

Akacheka kidogo, akarudi kwenye simu yake.

Tulikuwa ujumbe wa posa. Mshika demani wetu, yule anayekaza na kulegeza kamba ya tanga, ni Mrangi wa Kondoa mjini, fundi umeme, na binti aliyempenda kwao ni Haubi, juu milimani. Baba yake mdogo ndiye aliyeongoza msafara. Nahodha, kwa kuwa ana mvi, akateuliwa mshenga. Mimi nikabebeshwa barua yenyewe, imefungwa ndani ya leso nyeupe pamoja na noti zake. Mposaji mwenyewe alibaki pwani kama desturi inavyotaka, akitutumia ujumbe wa simu kila nusu saa kuuliza tumefika wapi.

Lami ya kutoka Dodoma hadi Babati ilizinduliwa mwaka 2018, na Kondoa iko njiani, kwa hiyo barabara haina la kusimuliwa. Kolo nako, kwenye miamba yenye michoro ya kale iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, tulitumia siku nzima, na siku hiyo naipa sentensi hii moja. Inastahili zaidi. Lakini kilichonikalisha kuandika ni mazungumzo ya barazani kwa babu mmoja wa Haubi, ambayo mpaka leo yananiudhi kidogo.

Kondoa mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Haubi iko juu zaidi. Tulifika jioni. Nahodha akaomba kwanza tuone ziwa; alikuwa amesikia kwamba Haubi kuna ziwa, na mtu wa pwani akisikia habari ya maji hatulii. Tulichokuta ni maji mafupi yaliyozungukwa na tope na majani, na mchanga mwingi ulioteremshwa na mvua kutoka milimani kwa miaka mingi. Tanga hatukuona hata moja. Upepo ndio uliokuwapo, tena wa kutosha, ukitoka kusini mashariki, mkavu, ukiingilia mikononi mwa shati na kutokea kwenye kola.

Nahodha akageuza uso, akavuta pumzi. "Kusi," akasema. Na kweli ni ileile, inayoanza kujitokeza Aprili na Mei na kuwa kali Juni na Julai. Pwani inakuja na unyevunyevu wa bahari, huku ule unyevu imeshauacha njiani.

Usiku ule simu yangu ilisoma nyuzijoto 11. Nahodha alilala na suruali mbili, shati, sweta na koti lake la mvua la plastiki, ambalo Msasani tunalitania kwamba linamfanya aonekane mtalii. Hatukulitania.

Asubuhi tukaketi barazani kwa babu yake binti. Alikuwa amevaa kabuti zito la kijivu, vifungo vyote vimefungwa isipokuwa kimoja kilichokatika na nafasi yake kutiwa pini kubwa ya nepi. Moto wa kuni ulikuwa mbele yake, kwetu ulifika moshi tu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mbona mnatetemeka? Mimi nimeambiwa nyinyi ni watu wa baridi."

Habari zilikuwa zimetutangulia. Shangazi yake binti alikuwa na picha kwenye simu, alizotumiwa na kijana wetu mwenyewe kwa kujipendekeza: yuko juu ya ndubi, ule ubao wa pembeni unaoizuia ngalawa isipinduke, amelowa chapachapa, meno yote nje. Babu akaipokea ile simu, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Hapa alizama?"

"Hapana, babu," nahodha akajibu. "Hiyo ni resi."

"Resi ya kwenda wapi?"

"Tunaondoka Msasani, tunakwenda mpaka kisiwa cha Bongoyo, tunazunguka, tunarudi."

"Bongoyo mnachukua nini?"

"Hatuchukui kitu, babu."

"Hata samaki?"

"Hata samaki. Hatushuki."

Babu akanyamaza, akasukuma kuni kwa fimbo. Baba mdogo alikuwa anaangalia viatu vyake. "Na wa kwanza anapewa nini?"

"Kikombe," nikasema mimi.

"Cha chai?"

Baraza zima likacheka, na shangazi ndiye aliyecheka zaidi. Hapo nikaudhika. Nimekaa kwenye ngalawa ile miaka, nimechunika viganja kwa kamba, na hapa mzee ambaye bahari hajaiona ananifanyia mzaha mbele ya mashemeji watarajiwa. Nikaanza kutetea. Nikamweleza kwamba ngalawa ni gogo la mwembe lililochongwa, jembamba kiasi cha kupinduka lenyewe kama si ndubi zake mbili. Kwenda Bongoyo ni rahisi, kusi iko nyuma na tanga linajaa. Kurudi ndiko kazi, maana unabisha, unakwenda mshazari huku na mshazari kule, na kila wimbi linalovunjika linakumwagikia kifuani. Mmoja anafua maji bila kupumzika. Nikaona hayo hayatoshi, nikamwambia kwamba Wazungu wanafanya makubwa zaidi: huko Marekani, karibu na New York, tangu Januari 1932 wapo wanachama wa klabu za mashua wanaoshindana wakati wa theluji, kwa vimashua vidogo, barafu ikigandia kwenye kamba. Na wao ni matajiri, wangeweza kukaa ndani.

Babu alisikiliza yote kwa makini. "Hao Wamarekani," akauliza, "hawana ng'ombe?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea bila kuningoja. Mwaka 1979, alisema, serikali iliondoa mifugo yote huku milimani. Hilo nalifahamu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza 1973, ulifikia hapo kwa sababu milima ya Irangi ilikuwa imeliwa na makorongo. Eneo la kilomita za mraba 1,256 likafungwa, ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda wakatolewa. Yeye wakati huo alikuwa kijana. Wakashuka na mifugo yao nyanda za chini upande wa Umasaini, na kwa kuwa mke na watoto walibaki Haubi, akawa mtu wa njiani: anashuka kuangalia ng'ombe, anapanda kuangalia shamba, usiku mwingine unamkuta katikati na upepo huuhuu.

"Nilikuwa nalala katikati ya ng'ombe," alisema. "Ukilala pembeni, asubuhi vidole havikunji."

Nahodha, ambaye huwa hashindwi na neno, alikuwa ametulia. Nilimwona akiangalia mikono ya yule mzee, vidole vinene vyenye viungo vilivyovimba. Babu hakuwa analalamika. Alituonyesha mteremko ng'ambo ya nyumba, kijani kitupu, akasema kwamba pale palikuwa na korongo ambalo ungeweza kuficha lori, na miti hiyo yote imeota ng'ombe walipoondoka. Baadaye watu wakaruhusiwa kufuga tena, bandani, kwa kukatia majani. Anaye mmoja wa maziwa. "Walituonea na walikuwa na haki," alisema, na akaomba chai iletwe.

Chai ilipofika, ya maziwa na tangawizi, vikombe vikipita, shangazi akasema, "Kikombe hicho, mmeshinda." Safari hii nikacheka.

Kisha babu akairudia ile picha. Alitaka kujua kijana anafanya nini huko nje, mbali na chombo. Nahodha akamweleza, taratibu sasa, bila majigambo: ngalawa ikilala sana upande wa demani, lazima mtu atambae mpaka kwenye ndubi ya upande wa joshi, unakotoka upepo, akae pale kuipa uzito, na kwa kuwa kijana huyu ana mwili, mara nyingi ni yeye.

"Anashikwa na nani?"

"Hashikwi, babu. Anashika kamba."

"Akikataa kwenda?"

"Tunapinduka wote."

"Amewahi kukataa?"

"Bado."

Babu akamrudishia shangazi simu yake. Akaomba ile leso. Nikaifungua magotini, noti zikahesabiwa na baba mdogo kwa sauti, barua ikasomwa na mjukuu wa sekondari aliyekuwa akikwama kwenye kila neno la Kiarabu. Wazee wakaingia ndani kushauriana. Tukabaki nje na upepo, nahodha akiwa amejikunyata karibu na majivu, kandambili zake zimegeuka rangi ya vumbi jekundu la Haubi.

Walipotoka, aliyesema ni babu. Posa imekubaliwa. Mahari ni kama ilivyozungumzwa na wazee wa pande zote mbili, ila aongeze ng'ombe mmoja.

Baba mdogo akauliza kwa heshima sababu ya huyo mmoja.

"Kila Jumamosi anatoka kwenda mahali pasipo na kitu na kurudi mikono mitupu," alisema babu. "Mtu wa namna hiyo ana nafasi. Alipe."

Nilidhani anatania, nikamtazama shangazi. Hakuwa anatania. Niliona ni uonevu, na bado naona hivyo. Mchezo hautozwi kodi ya ng'ombe. Nahodha ana maoni mengine. Njia nzima ya kurudi Dodoma alisema mzee yule ametupigia hesabu sahihi kuliko mtu yeyote aliyewahi kutuangalia tukishindana.

Ng'ombe siku hizi ni fedha, hasa Haubi ambako zizi limekuwa banda. Fedha za huyo wa nyongeza zimetoka kwenye mfuko wa kikundi, zile tulizokuwa tumechanga kununulia tanga jipya. Harusi itafungwa Septemba. Resi za Agosti tunakwenda na tanga la zamani, lenye viraka.