Mto Dart: Kutoka Kinamasini hadi Baharini

Uingereza inapotajwa, wengi wetu hufikiria London na majumba yake. Leo tunawapeleka Devon, kusini-magharibi mwa nchi hiyo, kuutazama Mto Dart. Tuliufuata pamoja na akina mama wenzetu wa kanisa na watoto wetu, tukavuna mafunzo yanayomfaa kila mama aishiye karibu na mto.

Mto huu huanzia Dartmoor, nyika ya juu yenye upepo, ukungu na miti michache. Kilele chake, High Willhays, kina urefu wa mita 621, na eneo hilo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1951. Huko juu maji huchuruzika kutoka vinamasi vya mboji, nayo ni ya kahawia kama chai ya rangi. Hufanya mito miwili, Dart ya Mashariki na Dart ya Magharibi. Kijijini Postbridge tulivuka ule wa Mashariki juu ya daraja la kale la mabamba makubwa ya graniti, lililojengwa ili farasi wa mizigo wapite.

Mito hiyo miwili hukutana mahali paitwapo Dartmeet. Karibu na hapo kuna mawe makubwa yaliyopangwa majini ili watu wavuke kwa miguu. Watoto walitaka kuyarukia mara moja, maana jua lilikuwa likiwaka. Lakini upande wa juu wa nyika wingu jeusi lilikuwa limetanda. Tulishauriana, tukawazuia. Walinuna, na mmoja alilia. Baada ya muda maji yalipanda, na baadhi ya mawe yakafunikwa kabisa.

Sababu yake ni hii: chini ya mboji kuna mwamba mgumu wa graniti. Mboji ikishashiba maji, mvua haina pa kuzama, hivyo hukimbilia mtoni upesi. Mto unaweza kufurika mahali ambapo hakuna tone lililoanguka. Wenyeji wana usemi wa kale kwamba mto huu hudai uhai wa mtu kila mwaka.

Kama wauguzi, tunaongeza jambo moja. Maji baridi huushtua mwili. Aliyetumbukia huvuta pumzi kwa ghafula bila kutaka, na pumzi hiyo ikivutwa chini ya maji ni hatari kubwa. Mfundishe mtoto asipapatike, bali alale chali aelee mpaka pumzi itulie, ndipo aite msaada. Nawe mzazi, mrushie kamba au mti, usijitose ovyo.

Kutoka Dartmeet mto huporomoka kati ya mawe na misitu. Huko hupita mitumbwi midogo tu ya kayaki, nayo huendeshwa na watu wenye ujuzi na kofia ngumu kichwani. Mjini Totnes hali hubadilika. Ukuta uliojengwa kukatiza mto ndio mwisho wa maji ya bahari, na chini yake mto hujaa na kupwa kama pwani zetu. Mashua za abiria kati ya Totnes na Dartmouth hufuata saa za maji, kwa kuwa maji yakipwa, matope hujitokeza.

Chini ya Totnes hakuna daraja hata moja. Bonde lile lilimezwa na bahari zamani barafu ya dunia ilipoyeyuka, hivyo ni pana na lenye kina. Watu na magari huvuka kwa vivuko. Bandari ya Dartmouth iliwahi kuipokea meli ya Mayflower mwaka 1620, ikielekea Amerika.

Basi, akina mama, kabla ya kumruhusu mtoto aingie mtoni, tusitazame maji yaliyo mbele yetu tu. Tuinue macho tutazame milima yanakotoka.