Meza za Mombasa

Watu huupima mji kwa mambo mengi. Wengine hutazama majengo yake, wengine bandari yake, na wengine wingi wa magari katika barabara zake. Mimi, msomaji, huupima mji kwa meza zake. Nataka kujua ni nani awezaye kuketi, anakula nini, kwa bei gani, na anapokewa kwa uso wa namna gani. Kisiwa cha Mombasa kina meza za kila aina, na kwa kuwa hauko mbali na siku ya kumaliza masomo na kula kwa fedha zako mwenyewe, nakuomba ufuatane nami tuzitembelee baadhi yake.

Tuanze asubuhi katika Mji wa Kale, wakati vichochoro vingali na ubaridi wa usiku. Chakula cha saa hiyo ni mahamri na mbaazi za nazi. Mahamri hukandwa kwa tui, hutiwa iliki, na huachwa yaumuke. Yakitiwa katika mafuta huvimba, na ukiyapasua ndani ni matupu. Mbaazi hupikwa polepole mpaka zilainike, kisha huungwa kwa tui zito. Aghalabu muuzaji ni mama aliyeamka kabla ya adhana ya alfajiri, akawasha moto wakati wewe ungali usingizini. Mteja mwenye adabu hamwiti kwa kidole. Humwambia, “Shikamoo, mama,” naye huitika, “Marahaba, mwanangu, karibu.” Biashara huja baada ya salamu, na chai huwa tamu zaidi kwa ajili hiyo.

Adhuhuri twende hotelini. Mgeni asishangae: kwa watu wengi wa Mombasa hoteli ni mahali pa kula, wala si lazima pawe na vitanda vya kulala. Humo utakuta wali wa nazi, samaki wa kupaka, maharagwe, pilau, na siku ya Ijumaa, biriani. Kando kuna mahali pa kunawia mikono. Juu ya meza kuna pilipili na ndimu. Meza si ya mtu mmoja. Penye nafasi ndipo unapoketi, na jirani yako wa saa hiyo ni yule aliyeletwa na njaa kama wewe.

Ijumaa moja, watu walipokwisha toka msikitini, nilikuwa katika hoteli ya namna hiyo na viti vyote vilikuwa vimejaa. Akaingia hamali aliyeacha mkokoteni wake nje, shati lake limelowa jasho. Alisimama mlangoni kama mtu anayetaka kurudi. Katika meza yangu alikuwapo mzee mmoja aliyevaa kanzu nyeupe na kofia ya viua. Mzee yule alisogeza sahani yake, akajibana, akapiga benchi kwa kiganja.

“Karibu, ndugu yangu, keti.”

“Ahsante, mzee, lakini nimejaa vumbi.”

“Vumbi la kazi huondoka kwa maji. Nawa mikono, uje ule.”

Hamali akanawa, akaketi. Wakazungumza habari za mvua na bei ya unga. Hakuna aliyemwuliza mwenzake kabila lake wala dini yake. Walipomaliza waliagana, kila mtu akashika njia yake. Jambo lile lilikuwa dogo, lakini nimeliwaza mara nyingi, kwa sababu historia ya kisiwa hiki yaonyesha kwamba halikuwa dogo siku zote.

Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika Mombasa mwaka 1331, akalala usiku mmoja. Aliandika kwamba watu wa kisiwa walikula zaidi ndizi na samaki, na kwamba nafaka hawakuilima, bali waliletewa kutoka sehemu nyingine za pwani. Basi tangu zama hizo kisiwa hiki kimekula kwa mikono ya watu wengine. Wareno walifika mwaka 1498, na mwaka 1593 wakaanza kujenga Ngome ya Yesu. Katika karne zao mihogo, mahindi, pilipili na mazao mengine ya Amerika yalienea katika pwani yetu. Mwaka 1896 ilianza kujengwa reli kutoka Mombasa, ikafika Ziwa Victoria mwaka 1901, na wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa kazi hiyo. Chapati, sambusa, bhajia na achari ni vyakula vyenye asili ng’ambo ya bahari, na leo hakuna anayeviona vigeni.

Ukitaka kuiona historia hiyo katika sahani moja, nunua viazi vya karai. Kiazi asili yake ni Amerika ya Kusini; unga wa dengu kinaovikwa na karai kinamokaangwa vyatukumbusha Bara Hindi; na ukwaju unaomwagiwa juu yake ni tunda la Afrika. Mtu asemaye kwamba meza ya Mombasa ni ya kabila lake peke yake, na atuonyeshe sahani ambayo haikutiwa mkono na mgeni.

Hata hivyo, walikuwako watu waliotaka kuigawa meza hiyo. Katika zama za ukoloni hoteli nyingi kubwa za Kenya hazikumpokea Mwafrika kama mgeni. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akapika, akafua vitambaa vya meza, akapanga vijiko, wala asiruhusiwe kuketi. Alibeba sahani asizoweza kuzilipia. Mwezi wa Januari mwaka 1947 wafanyakazi wa Mombasa wapatao 15,000 waligoma, kwa kuwa mishahara yao haikutosha kwa chakula na kodi ya nyumba. Pamoja na watu wa bandari na reli waligoma pia watumishi wa majumbani na wa hotelini. Siku zile matajiri walijua, yamkini kwa mara ya kwanza, kwamba chakula hakiji mezani chenyewe.

Uhuru ulipatikana mwaka 1963, na ubaguzi wa rangi ukaondoka milangoni. Lakini zingatia, msomaji, kwamba mlango unaweza kufungwa bila ya kufuli. Bei huweza kuufunga, na dharau huufunga zaidi ya bei. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inataja haki ya kila mtu kuwa huru kutokana na njaa. Sheria yaweza kumlinda mtu na njaa. Kumlinda na jicho la dharau ni kazi ya malezi.

Jioni nenda Barabara ya Mama Ngina, ukingoni mwa kisiwa, mahali meli zinapopita kuingia Kilindini. Hapo hula mihogo iliyochomwa, imepasuliwa na kutiwa chumvi, pilipili na ndimu, na hunywa madafu. Tajiri aliyekuja kwa gari na mchukuzi aliyekuja kwa miguu hununua kwa muuzaji mmoja, nao hupigwa na upepo mmoja. Ukirudi Mji wa Kale usiku utamkuta muuza kahawa na dele lake juu ya makaa. Kahawa chungu hunywewa katika vikombe vidogo, pamoja na tende, kashata au kipande cha haluwa, na kikombe kimoja chatosha kwa mazungumzo ya saa nzima. Lakini ukifika katika mwezi wa Ramadhani, kumbuka kwamba mchana hoteli nyingi za mtaa huo hufungwa. Mgeni mwenye staha hali mbele ya waliofunga; husubiri magharibi, na hapo huona vyakula vingi vikipangwa barabarani kuliko mwezi mwingine wowote.

Sisemi kwamba hoteli kubwa zenye vitambaa vyeupe na madirisha ya kutazama bahari ni mbaya. Wahenga walisema, mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Mwenye uwezo na aende, apumzike, afurahi na jamaa zake. Ninachokionea huzuni ni kijana mwenye mshahara wa kwanza ambaye hutumia fedha za juma zima ili aonekane dirishani, kisha hukopa nauli ya kwendea kazini. Na apitapo penye karai la mama aliyemlisha alipokuwa hana kitu, hugeuza uso. Kijana huyo ameshiba tumbo, na moyo wake una njaa.

Basi ukianza kula katika miji, shika mambo machache. Tazama usafi wa mikono na wa vyombo kabla ya kutazama mapambo ya ukuta. Uliza bei kabla ya kuagiza, kwa maana kuuliza si aibu. Usiagize zaidi ya uwezo wa tumbo lako ukaacha mabaki. Mlipe muuzaji mdogo fedha yake kamili, kwani senti unayomdhulumu ni kitabu cha mtoto wake. Mshukuru anayekuhudumia, maana miguu yake imesimama tangu asubuhi. Na akiingia mtu aliyechoka, akasimama mlangoni akisitasita, usitazame viatu vyake. Jibane kidogo, usogeze sahani yako.