Debe la Mahindi na Jina la Mwalimu



Wapendwa waamini, Jumapili iliyopita, baada ya Misa kule Kakesio, mwalimu mstaafu alinisubiri chini ya mti hata watu wote wakaondoka. Nilidhani ana njaa, nikamwagiza katekista ampimie debe la mahindi. Mzee akatabasamu. “Baba Paroko, sikuja kuomba. Nimekuja kutafuta jina langu.”

Barua yake ya ajira ina jina la ubatizo na la baba yake. Kitambulisho cha taifa kina jina la ukoo, tena kwa herufi nyingine. Kwa sababu hiyo jalada lake limerudishwa mara mbili, na pensheni haijaanza kulipwa. Kila safari ni Endulen, kisha kuipanda milima ya kreta hadi Karatu, kulala, kungoja, kurudi. Nauli ni mbuzi aliyeuzwa.

Tumezungumza mno juu ya kikokotoo, na ni haki yetu. Mwaka 2018 mifuko minne iliunganishwa kuwa PSSSF. Mkupuo wa asilimia 25 ukazua malalamiko, Rais Magufuli akausitisha Desemba. Mwaka 2022 ikawa asilimia 33, na bajeti ya 2024 ikaipandisha hadi 40 kwa wale ambao zamani walistahili 50. Lakini asilimia 40 ya fedha isiyofika ni kiasi gani? Tena ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro mstaafu hawezi kushika jembe, kwa kuwa kilimo kimekatazwa. Asiye na mifugo ya kutosha ataegemea wapi?

Nililionea haya lile debe. Katekisimu inahesabu kumdhulumu mfanyakazi ujira wake kuwa dhambi inayomlilia Mungu. Pensheni ni ujira, umekatwa mwezi kwa mwezi katika mshahara wake. Nami nilikuwa tayari kuufanya sadaka.

Jumatatu tulifungua kitabu cha ubatizo parokiani. Jina lake limo, wino umefifia, nalo limeandikwa kwa namna ya tatu! Mapadre nasi tumo katika kosa hili. Nimemwandikia cheti kama kitabu kisemavyo, pamoja na barua ya maelezo.

Ninyi mnaokaribia miaka 60, linganisheni majina katika hati zenu sasa, kabla ya kustaafu. Alhamisi nitamsindikiza Mwalimu Karatu kwa wakili, akaapishe majina yote matatu kuwa ni ya mtu mmoja. Mwenye nafasi katika gari anijulishe.