Samaki Wageni

Mtu afugaye samaki wa baharini nyumbani mwake, katika sanduku la kioo, hupatwa mapema na huzuni moja: samaki mgeni, aliyeletwa juzi akiwa na rangi zake zote, hukutwa asubuhi amelala chini, amekufa, na wale wa zamani wangali wakiogelea. Hapo majirani husema kwamba mwenye nyumba ana mkono mzito, au kwamba samaki amepatwa na jicho. Sisi tuliopatwa na huzuni hiyo zaidi ya mara moja twapenda kuwaeleza wasomaji kwamba jambo hili lina sababu zake, na kwamba mara nyingi kifo kionekanacho leo kilianza siku nyingi nyuma, mbali na nyumba yetu.

Na tuifuate safari ya samaki huyo tangu mwanzo. Hapa pwani ya Kenya wako wavuvi wanaozamia kwenye matumbawe na kuwashika samaki wa mapambo kwa nyavu ndogo. Kazi hiyo yataka taratibu, maana samaki apandishwaye upesi kutoka kilindini huumizwa na hewa iliyo tumboni mwake, ambayo huvimba kadiri apandavyo. Katika nchi nyingine mambo yamekuwa mabaya zaidi. Huko Ufilipino, tangu miaka ya 1960, wako wavuvi waliowanyunyizia samaki sumu ya sianidi ili walewe na kushikwa kwa urahisi. Samaki wa namna hiyo huweza kuzinduka, akauzwa, akaonekana hana neno, kisha akafa siku chache baadaye.

Baada ya uvuvi yaja safari. Samaki hufungwa katika mfuko wa plastiki wenye maji kidogo na oksijeni, naye hukaa humo saa nyingi bila chakula. Apumuapo hutoa hewa ya kaboni, na mashavu yake hutoa uchafu uitwao amonia. Hewa ile huyatia maji ukali kidogo wa asidi, na katika maji hayo amonia haina nguvu nyingi ya kuua. Lakini mfuko ukifunguliwa, hewa ile hutoka, ukali hupungua, na amonia hurudiwa na nguvu zake. Basi yule amwachaye samaki muda mrefu katika mfuko uliofunguliwa, akidhani anamzoeza polepole, kwa kweli amemwacha katika sumu.

Tena iko chumvi. Maji ya bahari yana chumvi kadiri ya gramu 35 katika kila kilo, lakini maji ya mwilini mwa samaki yana kadiri ya theluthi yake tu. Kwa hiyo maji humtoka daima, naye hana budi kunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kwa mashavu yake. Wauzaji wengine hupunguza chumvi ya maji yao. Samaki atokaye humo akitiwa ghafula katika chumvi kamili, mwili wake hukauka ingawa yu majini. Yafaa kumwuliza muuzaji mapema kiasi cha chumvi yake, na kumwandalia mgeni maji yaliyo sawa na hayo, kisha kuiongeza chumvi kidogo kidogo kwa siku kadhaa.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini samaki mgeni huweza kuja, wenyeji wakafa. Uko ugonjwa wa madoa meupe, uletwao na kijidudu kidogo mno. Kijidudu hicho hula ngozi na mashavu ya samaki, kisha huanguka chini na kuzaa mamia ya wengine watafutao samaki wapya. Kwa sababu hiyo kila mgeni wetu hukaa kwanza peke yake katika sanduku dogo, muda usiopungua siku 30, kama abiria wa zamani walivyowekwa karantini. Mmoja wao alitokwa na madoa siku ya 12. Tulimtibu kwa dawa ya shaba, iliyopimwa kila siku, akapona, wala wenyeji hawakuguswa.

Walakini si kila kifo huzuilika. Muuzaji mmoja alituapia kwamba kitatange wake hula kila kitu. Tulimletea kamba, mwani na nyama ya kome. Akavitazama tu, na siku ya tisa akafa. Wako vitatange ambao chakula chao ni matumbawe yaliyo hai, wala hawakubali kingine. Tangu hapo hatutoi fedha mpaka tumemwona samaki akila mbele ya macho yetu.

Siku ile mtoto wetu aliuliza, "Baba, kesho tutanunua mwingine?" Swali hilo ndilo kiini cha maneno yetu yote. Anunuaye mwingine kesho yake, bila kuijua sababu ya kifo, humwita samaki wa pili kutoka mwambani aje kufa kama wa kwanza. Na akifa wa pili, humwita wa tatu. Mwaka 1854 Philip Henry Gosse, Mwingereza mpenda viumbe na mhubiri, alitoa kitabu kilichowafundisha watu kufuga viumbe wa bahari majumbani. Mwaka 1907 mwanawe, Edmund, aliandika kwa majonzi jinsi mabwawa ya miambani waliyoyapenda yalivyoporwa na wakusanyaji waliovutwa na vitabu vya baba yake. Wale watu hawakuichukia bahari, bali waliipenda. Hata hivyo waliimaliza.

Twasoma kwamba mtu alipewa kuwatawala samaki wa baharini. Twadhani atawalaye hudaiwa hesabu ya kila aliye chini ya mkono wake, hata aliye mdogo kama kidole. Kwa hiyo tulimjibu mtoto kwamba kesho hatutanunua. Tulimpa kipimo cha chumvi na daftari, naye huandika kila jioni hali ya maji na samaki waliobaki. Mahali pa kitatange yule pangali wazi.