Mlango wa uani: kuficha huduma ya kutafutia iliyo Johannesburg

Leo tuzungumze habari za kufunga milango, ila hii ni milango ya mtandao.

Kuna ofisi moja hapa Malindi inayowasaidia watu katika mambo ya ardhi. Imepiga skani majalada yake ya miaka mingi na kuyatia katika Azure AI Search, huduma ya Microsoft ya kutafuta maandishi iliyo katika wingu. Ukiandika jina la mtu au la kijiji, majalada yote yanayolitaja yanakuja mbele yako. Kazi niliyopewa ni kuhakikisha asiyehusika hawezi kuuliza swali hata moja.

Pengine utasema, karatasi za shamba zina siri gani? Mambo ya ardhi ya Pwani yana historia. Chini ya Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908, ardhi ambayo mtu hakuidai ilihesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni, na hadi leo wako watu wa Malindi na Kilifi wanaoitwa maskwota pale pale walipozikwa babu zao. Ndani ya jalada mna majina ya warithi, ya mashahidi, na nani anamdai nani. Shahidi akijulikana kabla ya kesi anaweza kutishwa. Tena Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 imeweka habari za mali na za familia katika data nyeti, kundi moja na habari za afya.

Haya, tuingie kazini. Ukiunda huduma hii inapewa jina linaloishia na search.windows.net, na jina hilo lina anwani ya hadharani. Yeyote duniani anaweza kupiga hodi. Kinachomzuia ni ufunguo, yaani mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu, au ruhusa aliyopewa. Ufunguo ukivuja kwa barua pepe moja, siri imekwisha.

Dawa yake inaitwa Private Link. Unatengeneza mlango ndani ya mtandao wako binafsi katika wingu, wenye anwani ya ndani, tuseme 10.1.0.5, na huduma inafikiwa kupitia hapo. Daraja la bure halina nafasi hiyo, anzia Basic.

Sasa angalia mambo manne.

La kwanza, huu ni mlango wa uani. Kuujenga hakufungi mlango wa mbele. Ni lazima uingie katika mipangilio ya mtandao ya huduma uzime njia ya hadharani kwa mkono wako.

La pili ni jina. Programu inaendelea kutumia jina lile lile, kwa hiyo DNS ndiyo inayoamua mtu aelekezwe mlango upi. Ndani ya wingu unaunda eneo la majina la privatelink.search.windows.net na kulifunga na mtandao wako. Lakini kompyuta za ofisini Malindi, hata zikiunganishwa kwa VPN, huenda bado zinaiuliza DNS ya kampuni ya intaneti. Zitapewa anwani ya hadharani na kukataliwa, na watu watadhani ufunguo umeharibika. Weka seva ya DNS ndani ya mtandao wa wingu, kisha ielekeze ruta ya ofisi ipeleke huko maswali ya search.windows.net. Jaribu kwa nslookup: jibu likiwa ile 10.1.0.5 yako, mambo sawa.

La tatu, mlango huu ni wa kuingilia tu. Programu inayosoma majalada kutoka ghala la faili ili kujenga faharasa inatoka kwa njia nyingine. Inahitaji kiungo chake cha faragha, na mwenye ghala akikubali. Asipobonyeza kukubali, kiungo kitabaki kikisubiri. Kisha kwenye mipangilio ya programu hiyo weka executionEnvironment iwe private.

La nne, ukishafunga, hata wewe fundi ukiwa nyumbani hutaziona faharasa kwa kivinjari. Ingia kwanza katika mtandao. Waambie wakubwa mapema wasije wakashtuka.

Mkuu wa ofisi aliniuliza, "Mwanangu, kwa hiyo sasa haitakatika?" La hasha. Faragha haifupishi safari. Huduma yetu iko Johannesburg, ambako Microsoft ilifungua vituo vyake 2019. Data inatoka Malindi hadi Mombasa kwa nchi kavu, kisha inaingia baharini. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikawa ya kusuasua Kenya, Tanzania na Uganda. VPN inapita katika kebo hizo hizo, tofauti ni kwamba maneno yamefumbwa. Kwa hiyo majalada ya kesi zinazosikilizwa yana nakala ofisini, kwenye diski iliyofungwa kwa nywila.

Na mlango wa uani haumjui mwema wala mbaya miongoni mwa walio ndani. Karani wa kesi moja hana haja ya kuona kesi zote, basi kila jalada lipe alama ya kundi lake, na kila swali lichujwe kwa alama hiyo. Mwenye njia nyepesi zaidi ya hiyo DNS anijuze. Wakatabahu.