Mazrui Yupi?

Swali lililobeba kichwa cha makala haya si langu. Niliulizwa na mhadhiri mmoja alasiri moja katika chumba cha semina, nilipokuwa nikiwasilisha pendekezo la tasnifu yangu ya uzamili. Utafiti wenyewe ulihusu sauti ya mnyonge katika tamthilia ya Kilio cha Haki na diwani ya Chembe cha Moyo. Nilikuwa nimezisoma kazi hizo hadi kurasa zikaanza kunyofoka, na nilijiamini kama jogoo jaani pake. Nikasoma aya ya usuli wa mwandishi bila kutetereka: kwamba Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1933, kwamba alikuwa mwana wa Kadhi Mkuu wa Kenya, kwamba alichapisha Kilio cha Haki mwaka 1981 na kwamba mwaka uliofuata alitiwa kizuizini.

Mwalimu yule akavua miwani, akaifuta taratibu, akaniuliza kwa upole, "Mazrui yupi, bwana?"

"Profesa Mazrui, Mwalimu," nikajibu.

"Wote wawili ni maprofesa."

Wenzangu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, kicheko cha mtu aliyejikwaa mbele ya wakwe. Pendekezo likarudishwa, nikapewa majuma mawili ya kulirekebisha. Kosa langu, kwa wasiolitambua, lilikuwa hili: nusu ya kwanza ya aya ile ilikuwa maisha ya Ali Mazrui, na nusu ya pili ilikuwa maisha ya Alamin Mazrui. Nilikuwa nimewashona watu wawili katika kanzu moja. Lililonikera zaidi niliporudi chumbani usiku ule halikuwa aibu ya kuchekwa. Alamin Mazrui alikamatwa mwaka 1982 akiwa mhadhiri, akazuiliwa bila kufunguliwa mashtaka. Mimi, niliyedai kutafiti sauti ya mnyonge, nilikuwa nimempokonya mtu mateso yake nikamvika mwingine, kwa sababu tu huyo mwingine ana jina kubwa zaidi duniani.

Chanzo cha kosa hilo kilikuwa herufi moja. Katika marejeleo yangu nilikuwa nimeandika "Mazrui, A." mara sita. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui ni A. Mwanawe, Ali Al'amin Mazrui, ni A. Alamin Mazrui, mwandishi wa Kilio cha Haki, ni A. vilevile. Na kana kwamba hayo hayatoshi kumkanganya mwanafunzi, Ali na Alamin waliandika pamoja, miongoni mwa vingine, Swahili State and Society cha mwaka 1995 na The Power of Babel cha mwaka 1998. Kwa kanuni zetu za unukuzi, vitabu hivyo huitwa "Mazrui na Mazrui".

Katika majuma yale mawili niliamua kuanzia mwanzo kabisa, kwenye jina lenyewe. Shina lake la Kiarabu ndilo lililotupa neno ziraa, yaani kilimo, na kwa umbo lake jina hilo laelekea kwenye maana ya kilichopandwa. Ukoo huu asili yake ni Omani, na mbegu yake iliota katika ardhi zaidi ya moja. Ndiyo maana mwaka 2013 Falme za Kiarabu zilipomteua Suhail Al Mazrouei kuwa waziri wa nishati, jina lilikuwa lile lile kwa tahajia nyingine. Ndiyo maana pia Zanzibar ilikuwa na Nassor Ahmed Mazrui, mwanasiasa wa upinzani aliyeingia katika Serikali ya Umoja wa Kitaifa mwaka 2021 akiwa Waziri wa Afya. Hata hivyo, kwa msomaji wa fasihi ya Kiswahili, makao ya jina hili ni Mombasa.

Waomani waliiteka Ngome ya Yesu kutoka kwa Wareno mwaka 1698. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 18, watawala wa Ki-Yaarubi walimpa Muhammad bin Uthman al-Mazrui uliwali wa mji huo. Wabusaidi walipotwaa madaraka Omani, Mazrui walikataa kuwatii, wakaitawala Mombasa kama dola iliyojitegemea. Ndio wakati wa Muyaka bin Haji, malenga aliyeishi baina ya 1776 na 1840, ambaye tungo zake za siasa ziliutetea mji wake dhidi ya Seyyid Said. Mazrui hata waliomba ulinzi wa Waingereza, wakaupata kwa muda mfupi tu, kuanzia 1824 hadi 1826. Mwaka 1837 Seyyid Said aliutwaa mji, wakuu wa ukoo wakakamatwa kwa hila na kupelekwa kufungwa Bandar Abbas, Uajemi. Waliosalimika walijigawa: wengine wakaenda Takaungu upande wa kaskazini, wengine Gazi upande wa kusini. Huko Gazi ndiko alikotokea Mbaruk bin Rashid, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 hadi 1896, ngome yake ya Mwele ikatekwa, naye akavuka mpaka akaingia katika himaya ya Wajerumani.

Naam, ukoo ulipokonywa ngome. Swali lililonivutia ni hili: ukoo uliopoteza upanga hushika nini? Wahenga walinena kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Mazrui walishika kalamu.

Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui, aliyefariki mwaka 1894, alikuwa mwanachuoni mashuhuri. Alimwacha mwanawe al-Amin akiwa mtoto wa miaka mitatu. Mtoto huyo, aliyezaliwa 1891, ndiye aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937 hadi alipofariki 1947. Lakini kwetu sisi wanafunzi wa Kiswahili, cheo hicho si jambo kubwa kuliko magazeti yake. Mwaka 1930 alianzisha al-Sahifa, na mwaka 1932 al-Islah. Humo aliwazungumzia Waislamu wa pwani kwa Kiswahili kuhusu elimu, ubadhirifu wa sherehe, uvivu, na haja ya kujifunza mambo ya kisasa bila kuacha dini. Tunapofundishwa historia ya nathari ya Kiswahili, aghalabu tunarukia riwaya. Insha za Sheikh huyu zastahili kusomwa darasani kama nathari, kwa ukali wake na ufupi wake. Isitoshe, aliandika kwa Kiarabu historia ya utawala wa ukoo wake Mombasa, ambayo tafsiri yake ya Kiingereza ilichapishwa mwaka 1995. Mwanafunzi wake na jamaa yake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, naye alikuwa Kadhi Mkuu kuanzia 1963 hadi 1968.

Sheikh al-Amin alipofariki, mwanawe Ali alikuwa na miaka 14. Hivyo baba na mwana, wote wawili, walikulia katika uyatima. Wengi wetu tunamjua Ali Mazrui wa televisheni, msimulizi wa The Africans: A Triple Heritage ya mwaka 1986. Wachache tunamkumbuka kijana aliyepata daraja la tatu katika mtihani wa Cambridge, akakosa nafasi Makerere, akawa karani katika chuo cha Kiislamu cha Mombasa. Gavana Philip Mitchell alisikia hotuba yake katika sherehe ya Maulidi, ndipo njia ya Uingereza ikamfungukia. Alisoma Manchester, Columbia na Oxford, kisha akawa profesa katika Makerere ile ile iliyomkataa. Mwaka 2003 aliteuliwa kuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Mpenzi wa etimolojia hawezi kuacha kutabasamu: mwenye jina la ziraa kukabidhiwa chuo cha kilimo!

Ali hakuepuka uzito wa jina lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika mjadala mkali baina yake na Wole Soyinka, suala la nasaba yake ya Kiarabu na haki yake ya kulisemea bara la Afrika lilijitokeza waziwazi. Naye mwaka 1992 alikuwa miongoni mwa watu mashuhuri walioteuliwa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika kushughulikia suala la fidia ya utumwa. Alipofariki Marekani Oktoba 2014, mwili wake ulirudishwa Mombasa ukazikwa katika makaburi ya Mazrui, hatua chache kutoka Ngome ya Yesu.

Alamin ni mtu mwingine kabisa. Alizaliwa mwaka 1948, akawa mwanaisimu, mshairi na mwandishi wa tamthilia. Katika Kilio cha Haki, wafanyakazi wa shamba la mlowezi Delamon wanaongozwa na mwanamke, Lanina, kudai haki zao. Sasa, msomaji mpendwa, tazama jambo ambalo aya yangu ya kwanza ilikuwa imelificha. Ukoo wa Mazrui ulikuwa na mashamba pwani, Takaungu na Gazi, na mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Mwaka 1914 serikali ya kikoloni ilitunga sheria maalumu ya amana ya ardhi ya Mazrui, na Bunge la Kenya likaifuta mwaka 1989. Mgogoro baina ya ukoo na wakazi wa ardhi hiyo umeendelea kufika mahakamani. Kwa hiyo mwenye jina la wamiliki wa mashamba ndiye aliyekaa akaandika upande wa vibarua wa shamba. Hakurithi msimamo huo. Aliuchagua, na ukamgharimu uhuru wake. Mimi nilipomchanganya na mwingine, nilikuwa nimeufuta uchaguzi huo, na pamoja nao nusu ya maana ya tamthilia niliyodai kuihakiki.

Nilipofika hapo nilimkumbuka babu yangu mzaa baba. Katika miaka ya 1950 alikuwa kibarua katika shamba la pareto la mlowezi mmoja huko bara. Nyapara aliwaandika vibarua daftarini kwa jina moja moja tu, na katika kambi ile palikuwa na wawili wenye jina la babu. Mwezi mmoja posho ya babu ilitiwa mkononi mwa yule mwenziwe, ambaye alikuwa ameshaondoka kwenda kwao. Babu alipolalamika, nyapara alimwonyesha daftari: jina hili hapa, limelipwa. Alituhadithia kisa hicho mara nyingi, na kila mara alimaliza kwa kusema kwamba hakulilia fedha kama alivyolilia kukosa wa kumuuliza, "Wewe ni yupi?"

Mimi ndiye niliyepewa jina la babu, kama Ali alivyopewa la babu yake, Sheikh Ali bin Abdallah. Jina letu halina sheikh wala profesa, na halimo katika kitabu chochote. Lakini kosa la daftari la nyapara na kosa la marejeleo yangu ni kosa moja. Wote wawili tuliona jina, tukadhani tumemwona mtu.

Wahenga wanatuambia kwamba jina jema hung'ara gizani. Sipingani nao. Hata hivyo, nimejifunza kwamba jina likishang'ara sana laweza kumtia kivulini aliye jirani yake. Mwanafunzi anayeandika "Mazrui asema" hajataja chanzo. Ametaja ukoo mzima wa karne tatu, wenye maliwali na makadhi, wenye mabwana wa mashamba na mahabusu, ambao hawakuwa na kauli moja. Aidha, tabia hii haiwahusu Mazrui peke yao. Kila mwalimu aliyesahihisha insha zetu anajua ni mara ngapi "Abdalla" na "Mohamed" zimeachwa zielee bila mwenyewe. Majina yetu ya pwani hayakuundwa kwa ajili ya kanuni za unukuzi zinazoanza na jina la mwisho na kulikata la kwanza likabaki herufi. Yaliundwa ili mtu atambulike kwa mnyororo: fulani bin fulani bin fulani. Tukiukata mnyororo, hatuna budi kutafuta njia nyingine ya kumtambulisha mwenyewe. Pendekezo langu ni jepesi: pale majina yanapogongana, jarida letu na idara zetu ziruhusu jina kamili, ndani ya matini na katika marejeleo, hata kama kanuni haitudai.

Niliporudi mbele ya jopo baada ya majuma mawili, aya yangu ya usuli ilikuwa imerefuka kutoka mistari mitano hadi kurasa mbili. Mwalimu yule aliisoma kimya, akafika mwisho, akarudi mwanzo. Kisha akachukua kalamu nyekundu akazungushia jina moja katika ukurasa wa pili, ambako kwa haraka nilikuwa nimeandika tena "Mazrui" pasipo jina la kwanza. Hakusema neno. Nikalisahihisha pale pale, mbele yake, kwa mkono.