Maumivu ya Ndani ya Kalio: Haya Isikuzuie Kutafuta Tiba

Mashoga zangu, na hasa nyinyi mabibi harusi mnaohesabu siku, leo tuzungumze jambo ambalo wengi wetu hulimeza kimya kwa sababu ya mahali lilipo: maumivu ya ndani kabisa ya kalio. Ukigusa juu juu huyapati, lakini ukikaa dakika kumi yanachoma mpaka nyuma ya paja.

Mimi ni fundi cherehani. Ikiingia mfunguo mosi harusi zinafuatana, na mtu hukaa kitini kutoka asubuhi mpaka isha, mguu mmoja kwenye pedeli. Mwaka juzi kalio la kulia likaanza kuuma. Kwanza kwenye kiti, kisha kwenye daladala, kisha kwenye tahiyatu. Hapo kwenye tahiyatu ndipo paliponiumiza roho, maana mwili umekaa mbele ya Mola na akili yote iko kwenye kalio. Na nguo za watu zinasubiri, na hizo ndizo zinazolisha wanangu.

Nikamwambia mama mdogo, tukaenda hospitali. Dada wa mazoezi ya viungo alinieleza vizuri. Chini ya nyama kubwa ya kalio kuna msuli mdogo unaoitwa pirifomisi. Umeanzia kwenye mfupa wa chini ya mgongo na kushika juu ya mfupa wa paja. Neva kubwa inayoteremka mguuni kwa kawaida hupita chini yake. Ukikaa sana msuli unaweza kukaza na kuibana neva ile, ndiyo moto unateremka mguuni. Akanipima mgongo pia, kwa sababu mgongo nao huweza kuleta maumivu kama hayo.

Tiba yake ilikuwa ya mikono. Nililala kifudifudi, mto chini ya tumbo, nguo zangu mwilini na kanga juu. Akatafuta kwa vidole mpaka akaligusa lile fundo lenyewe, nikaruka! Akalikandamiza taratibu kwa kidole gumba, akatulia hapo karibu dakika nzima huku mimi navuta pumzi, mpaka likalegea. Kisha akanilaza chali, nikaweka kifundo cha mguu unaouma juu ya goti la pili, nikavuta paja kuelekea kifuani. Hilo la kuvuta nalifanya nyumbani mpaka leo, asubuhi na jioni, na kila nusu saa nainuka kwenye cherehani. Haikuisha kwa siku moja. Ilichukua wiki kadhaa, alhamdulillah.

Sasa haya. Wako wanaosema, "Mtu anishike huko? Astaghfirullah." Dada yangu, haya ni katika imani, lakini haikuwekwa ili tuumie. Imran bin Husayn, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa na bawasiri, akamuuliza Mtume (s.a.w.) vipi asali. Hakuona aibu kuuliza, na Mtume akamfundisha asali kwa kusimama, akishindwa akae, akishindwa alale ubavu. Hadithi hiyo imo katika Sahihi ya Bukhari. Kwa hiyo tafuta mwanamke mwenzio anayejua kazi. Uchi wetu hata baina ya wanawake ni kitovu mpaka goti, na kukandamiza huku hufanyika juu ya nguo bila kufunua kitu.

Bibi harusi, mwambie somo wako mapema. Singo na liwa ni za ngozi, hazifiki kwenye msuli huu. Wala usikubali kukanyagwa kwa kisigino au kukandwa kwa nguvu mpaka ulie. Maumivu ya kukandamizwa yawe yale unayoweza kuyavumilia ukipumua. Mkono wa mwenzio ukiteleza ukahisi umeme au ganzi mguuni, mwambie aache. Na usifanye siku moja kabla ya harusi, kwani mwili huweza kubaki na uchungu siku moja au mbili, na wewe utakaa mbele za watu saa nyingi. Mwenye mimba asilazwe kifudifudi, alale ubavu, na amwambie mkunga wake kwanza.

Ukiona ganzi katikati ya mapaja, mkojo au choo hakizuiliki, mguu unakosa nguvu, au una homa, au uliangukia kalio, usikandwe. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mwili ni amana, na mwenye amana huitunza. Kama yanakuuma, mwambie leo mama, dada au somo wako. Allah awape shifaa wagonjwa wetu wote na awajaalie mabibi harusi wetu ndoa zenye baraka. Amin.